Ufito wa Kuvulia: Tujitengenezee au Tununue?



Hapa Buwenge, kaskazini mwa Jinja katika barabara ya Kamuli, watu wengi hupata riziki yao katika muwa. Yuko anayelima, yuko anayekata, yuko anayepakia na yuko anayeendesha trekta. Wengine hushuka Jinja kufanya kazi viwandani. Wote hawa wana jambo moja la kufanana: siku ya mapumziko huwakuta mshahara uko mbali, na kitoweo sokoni kimepanda bei.

Lakini tumezungukwa na maji. Upande wa magharibi wapita mto Nile. Upande wa kusini liko ziwa Victoria. Na anayesafiri kwenda Mbale kwa njia ya Tirinyi huvuka vinamasi vya mafunjo vya mto Mpologoma, ambamo kambare na kamongo hawajapata kukosekana. Ndiyo maana mfanyakazi anayetaka kupumzika na kurudi nyumbani na kitoweo huanza kufikiri juu ya ufito wa kuvulia, au fimbo ya ndoana kama wengine wanavyouita. Hapo ndipo swali linapozuka: nijitengenezee, au nikanunue dukani?

Mwenye fedha mfukoni husema, nunua. Asiye nazo husema, kata mwanzi. Majibu yote mawili yana upungufu, kwa sababu yanatazama mfuko tu, wala hayatazami kazi yenyewe. Katika makala haya tutaeleza kwanza kazi ya ufito, kisha kitu ambacho mkono wa mfanyakazi waweza kukitengeneza vizuri na kile usichoweza, na mwisho tutapiga hesabu.

Ufito hufanya kazi gani?

Ufito una kazi tatu. Kazi ya kwanza ni kufikisha ndoana pale samaki alipo. Ngege hupenda kukaa kando ya mafunjo na magugu, mahali ambapo mtu hawezi kusimama. Ufito wa mita 3 au 4, yaani kama urefu wa watu wawili, humwezesha mvuvi kusimama mahali pakavu na kutua ndoana yake polepole bila kupiga kelele majini.

Kazi ya pili ni kupinda. Hii ndiyo kubwa, na wengi hawaifahamu. Samaki akishtuka huvuta ghafla. Kama mshipi umefungwa kwenye mti mgumu usiopinda, nguvu yote ya mvuto huo humwendea mshipi, au ndoana, au mdomo wa samaki. Na kimoja kati ya hivyo hukatika. Ufito unaopinda hupunguza nguvu hiyo kama springi za lori zinavyopunguza kishindo cha shimo la barabarani. Tena, samaki anapolegea, ufito hujinyoosha na kuukaza mshipi, ili ndoana isichomoke.

Kazi ya tatu ni kurusha. Hii ni kwa mvuvi anayetaka kupeleka ndoana mbali, mita 30 au zaidi. Kazi hii yahitaji mshipi mrefu, pete za kuupitishia, na gurudumu la kukunjia mshipi, ambalo wenye maduka huliita rili.

Basi shika jambo hili: kazi mbili za kwanza mwanzi huzifanya vizuri kabisa. Kazi ya tatu mwanzi mtupu hauiwezi.

Si jambo jipya kwetu

Wako wanaodhani kwamba uvuvi wa fito ni mchezo ulioletwa na wageni. Sivyo. Mzungu John Hanning Speke alipofika mahali mto Nile unapotoka ziwani, tarehe 28 Julai 1862, aliwakuta wavuvi wa Kisoga na wa Kiganda wamesimama juu ya miamba na fito na ndoana zao, na samaki kwa maelfu wakirukaruka kwenye maporomoko. Aliandika hayo mwenyewe katika kitabu chake. Maporomoko yale aliyaita Ripon. Leo hayaonekani tena, kwa sababu yalizama wakati bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilipojengwa na kufunguliwa mwaka 1954.

Watu wale wa 1862 hawakuwa na duka la fito. Walitumia miti ya kwao, nao walikula samaki. Kilichobadilika tangu siku zile si mti, bali ni mshipi na ndoana. Nyuzi za nailoni zilitokea Marekani katika miaka ya 1930, zikaenea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili, zikaziondoa kamba za mimea. Na hata samaki wamebadilika: sangara, ambaye hapa twamwita mputa, aliingizwa katika ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Huyu aweza kuzidi uzito wa mtu mzima. Ufito wa ngege haukutengenezwa kwa mnyama wa namna hiyo.

Ufito wa dukani: sifa na kasoro zake

Fito za dukani siku hizi hutengenezwa kwa faibaglasi au kwa nyuzi za kaboni. Faibaglasi ni nzito kidogo lakini ni vumilivu. Kaboni ni nyepesi sana na ni ghali zaidi, lakini ikigongwa kwenye jiwe hupata ufa usioonekana, na siku nyingine hukatika bila taarifa.

Sifa za ufito wa dukani ni hizi. Umepimwa kiwandani, kwa hiyo wapinda sawasawa. Hauliwi na wadudu. Una pete na mahali pa kufungia rili. Waweza kukunjwa au kutenganishwa vipande, ukaingia nao katika taksi bila kugombana na kondakta. Jambo hili la mwisho si dogo: mtu aliyebeba mwanzi wa mita 4 juu ya bodaboda ni hatari kwake na kwa kila anayepishana naye.

Kasoro zake ni hizi. Bei yake imebeba mambo mengi yasiyovua samaki: nauli ya meli na lori, ushuru, faida ya mwenye duka la jumla na ya mwenye duka la rejareja, na rangi za kupendeza macho. Ncha ikivunjika, si rahisi kupata nyingine ya namna ile ile Buwenge, wala pengine Jinja. Na zile fito za bei ya chini kabisa zinazong'aa dukani mara nyingi zina pete zilizobandikwa kwa gundi hafifu na rili yenye meno laini. Anayenunua hizo amelipa bei ya duka akapata kitu kisichozidi mwanzi.

Namna ya kujitengenezea

Kitu cha kwanza ni mti wenyewe. Muwa haufai hata kidogo, ingawa tunao mwingi: una maji, na ukikauka hukatika. Mche wa mkaratusi umenyooka, lakini ni mzito, na mara nyingi hupasuka unapokauka. Mti bora ni mwanzi. Iko mianzi inayopandwa majumbani na kando ya mito, na iko ile ya mlima Elgon, ambako ndugu zetu wa Bugisu hupata machipukizi yanayoliwa, yaitwayo malewa. Lakini angalia: msitu wa Elgon ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1993, na kukata humo bila ruhusa ni kosa. Nunua mwanzi kwa aliyeupanda au kwa anayeuza kihalali. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na faini.

Chagua mwanzi mwembamba, wenye unene wa kidole gumba kwenye shina na unaokwenda ukipungua hadi ncha. Uwe umekomaa, wa miaka mitatu hivi. Mwanzi mchanga una rangi ya kijani inayong'aa na majani yanayokumbatia pingili. Huo ukikauka hunyauka na kujikunja. Kata wakati wa kiangazi, maana mwanzi wa masika una maji mengi, nao hubunguliwa upesi na wadudu.

Kisha fuata hatua hizi:

1. Punguza matawi kwa kisu kikali, lakini usichonge pingili mpaka ndani. Pingili ndizo zinazoupa mwanzi nguvu. Ukikwangua sana, umepanda ufa kwa mkono wako.

2. Ning'iniza mwanzi kivulini, ncha ikitazama chini, na kitu kizito kimefungwa kwenye ncha ili unyooke. Uache wiki 4 hadi 6. Usiuanike juani, utapasuka. Ukiutundika jikoni juu ya moshi, ni vizuri zaidi, kwa kuwa moshi hufukuza wadudu.

3. Ukikauka, tazama kwa jicho moja toka shinani hadi nchani. Palipopinda, pashe moto juu ya makaa bila kuunguza, ukiuzungusha, mpaka mafuta yatoke kama jasho. Hapo upinde taratibu kwa kutumia kitambaa, ushikilie, kisha upoze kwa kitambaa chenye maji.

4. Funga uzi imara kuzunguka kila mahali palipo na dalili ya ufa, na sentimita chache za ncha. Paka vanishi mara mbili. Pasipo vanishi, mafuta ya kupikia yaliyopakwa mara kwa mara huzuia maji kiasi, ingawa si kama vanishi.

5. Jaribu ufito kabla ya kuuamini. Funga kwenye ncha chupa yenye nusu lita ya maji, uinue. Ufito uliofaa hujipinda kama upinde, pole pole kutoka ncha hadi katikati. Ukiona unavunja kona mahali pamoja, hapo ndipo utakapokatika siku ya samaki. Rudi kwenye hatua ya nne, au tafuta mwanzi mwingine.

6. Usifunge mshipi kwenye ncha peke yake. Anza kuufunga karibu na mpini, uutambaze pamoja na mwanzi, ukiuzungusha mara chache, mpaka nchani, ndipo uuache uning'inie. Ncha ikivunjika, samaki bado yuko mkononi mwako. Mshipi unaoning'inia uwe na urefu kama wa ufito, usizidi sana, ili samaki akiinuliwa umfikie kwa mkono.

Kiboya hakina haja ya kununuliwa. Kipande cha kandambili iliyochakaa huelea vizuri kuliko vingi vya dukani. Kikate ukubwa wa kidole, ukipasue kidogo na kuupitisha mshipi. Ubua wa mafunjo nao huelea, lakini baada ya saa chache hunywa maji na kulala.

Uzito wa kuzamishia, yaani chubwi, waweza kuwa nati ndogo iliyotupwa. Twasema iliyotupwa, si ile ambayo bado inashika mashine kiwandani! Kuhusu madini ya risasi, tahadhari kubwa yahitajiwa. Wako wanaovunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha risasi yake nyumbani ili wafanye chubwi. Usifanye hivyo. Moshi na vumbi la risasi ni sumu ya ubongo na damu, na watoto ndio wanaoumia kwanza. Usiyeyushe risasi katika sufuria ya chakula, usiibane kwa meno, na ukiishika nawa mikono kabla ya kula. Nati ya chuma hufanya kazi ile ile bila kumdhuru mtu.

Usiyoweza kutengeneza: ndoana na mshipi

Hapa ndipo wengi wanaojitengenezea hukosea. Kwa kuwa ufito haukuwagharimu kitu, wanataka na vitu vingine visiwagharimu. Hupinda msumari kuwa ndoana, au huokota mshipi uliotupwa ufukoni. Kisha samaki akikatika husema mwanzi haufai. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Ndoana nzuri ni chuma kilichopikwa kiwandani mpaka kikawa kigumu bila kuwa chepesi kukatika. Msumari haukupikwa hivyo, kwa sababu kazi yake ni kugongwa, si kuvutwa. Samaki wa kilo moja aweza kuunyoosha. Kiwanda cha Mustad cha Norway kimekuwa kikitengeneza ndoana tangu mwaka 1877, na jina hilo wavuvi wengi wa Afrika Mashariki walijua. Lakini jina likipendwa huigwa. Basi jaribu ndoana kabla ya kulipa: ichome katika ubao na kuivuta kando kwa koleo kidogo. Ndoana njema hurudi ilivyokuwa. Mbaya hubaki imefunguka, na iliyochomwa kupita kiasi hukatika. Fahamu pia kwamba katika ndoana ndogo namba huenda kinyume: namba 10 ni ndogo kuliko namba 6.

Mshipi nao upime. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo jerikeni la nyumbani ni mizani tosha. Ukiuziwa mshipi wa kilo 5, tia lita 4 ndani ya jerikeni, ufunge mshipi, ukainue taratibu. Ukikatika, mwenye duka amekudanganya, au mshipi umekaa juani dirishani muda mrefu; maana jua huidhoofisha nailoni. Na mshipi uhifadhi nyumbani mahali penye giza.

Fundo lifungwe hivi: pitisha ncha ya mshipi katika tundu la ndoana, izungushe mara 5 au 6 juu ya mshipi wenyewe, irudishe katika kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, lowesha kwa maji, kaza polepole. Fundo lililokazwa kavu huuchoma mshipi kwa msuguano, na hapo ndipo unapokatika.

Tupige hesabu

Tusihesabu kwa shilingi, kwa kuwa bei hubadilika kila mwezi. Tuhesabu kwa kipimo ambacho mfanyakazi hakisahau: mshahara wake wa siku moja.

Tuchukue mfano. Tuseme ufito wa dukani pamoja na rili na mshipi wake wagharimu mshahara wa siku 8. Tuseme ufito wa mwanzi, pamoja na ndoana na mshipi wa kununua, wagharimu mshahara wa nusu siku. Tuseme tena kwamba kila Jumapili unapata ngege ambao sokoni ungewanunua kwa robo ya mshahara wa siku. Ufito wa mwanzi utajilipa baada ya Jumapili 2. Ufito wa dukani utajilipa baada ya Jumapili 32, na hapo hujaiweka siku ya mvua wala siku ya kurudi mikono mitupu.

Lakini hesabu hiyo haijakamilika, na mwenzetu wa chama angefaa kuuliza: je, kazi ya kuutengeneza ufito ni bure? La. Mikono yako si ya bure kiwandani, wala si ya bure nyumbani. Kukata, kunyoosha, kufunga na kupaka ni kazi ya saa 4 hivi, ukiacha wiki za kungoja ukauke. Ukifanya kazi saa 8 kwa siku, hiyo ni nusu ya siku. Jumla sasa ni mshahara wa siku nzima, na ufito utajilipa baada ya Jumapili 4. Bado mwanzi umeshinda kwa mbali.

Sasa geuza mfano. Unataka sangara katika maji ya kasi, au kisinja, samaki wa mtoni mwenye nguvu nyingi. Mwanzi wenye mshipi mfupi hauna nafasi ya kumwachia samaki akimbie. Atakuvunjia ufito, na aende na ndoana mdomoni. Hapo ufito wa dukani wenye rili na mshipi mrefu ndio chombo cha haki, ikiwa unao uwezo. Lakini iko njia ya tatu ambayo wavuvi wetu wanaitumia kila siku: mshipi wa mkono, uliozungushwa kwenye kibao au chupa, bila ufito wowote. Gharama yake ni ya mshipi na ndoana tu. Sharti lake ni moja: usiuzungushe mshipi mkononi wala kwenye vidole. Nailoni inayovutwa na samaki mkubwa hukata nyama kama kisu. Vaa glavu ya kazi, au shika kwa kipande cha gunia. Mfanyakazi asiye na vidole hana kazi, na hakuna sangara wa thamani hiyo.

Njia ya kupunguza gharama

Ndoana huuzwa kwa boksi la 100, na mshipi huuzwa kwa gurudumu zima. Mtu mmoja akinunua ndoana tano tano dukani hulipa bei ya rejareja kila mara. Watu 10 wa kambi moja wakichanga, wakanunua boksi na gurudumu zima, kila mmoja hupata ndoana 10 na mshipi wa kumtosha kwa bei ya jumla. Vivyo hivyo, ufito mmoja mzuri wa dukani waweza kuwa mali ya watu wanne wanaokwenda kwa zamu. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba cha watu kumi hujaa upesi zaidi. Andikeni tu katika daftari nani kachanga kiasi gani na nani ana zamu, ili urafiki usije ukakatika kabla ya mshipi.

Tahadhari majini

Ufito, uwe wa mkono au wa duka, ni kitu kirefu kinachoinuliwa juu. Kutoka Jinja nyaya za umeme mkubwa zatawanyika kuelekea Tororo na kuelekea Kampala, na nyaya ndogo zapita vijijini na mashambani mwetu. Kaboni hupitisha umeme. Mwanzi uliolowa maji nao hupitisha. Usivue wala usipite chini ya nyaya na ufito umeinuliwa; ulaze chini, uubebe sambamba na ardhi. Wingu la radi likionekana, na nchi za kandokando ya ziwa Victoria zina radi nyingi mno, uweke ufito chini, uondoke majini.

Usisimame majini bila sababu. Katika ziwa na mto kuna kichocho cha tumbo, na ngozi iliyo majini ndiyo mlango wake. Hii ni faida nyingine ya ufito mrefu: wakuruhusu kukaa pakavu. Ukiwa umeingia majini mara kwa mara, nenda kituo cha afya ukapimwe; dawa yake ipo. Mamba na kiboko nao wana siku zao za kutokea, hasa jioni. Na maeneo ya mabwawa ya umeme yasikaribiwe: maji yaweza kufunguliwa na kupanda kwa muda mfupi. Fuata alama zilizowekwa.

Sheria nayo ikumbukwe. Kanuni za Uganda zimekataza kuvua sangara wa chini ya inchi 20 na ngege wa chini ya inchi 11. Mwaka 2017 serikali ilipeleka jeshi ziwani kupambana na uvuvi haramu, na wengi walipoteza mitumbwi na nyavu. Mwenye ufito ana nafuu: samaki mdogo aweza kumrudisha majini akiwa hai. Kabla ya kuanza, muulize ofisa wa uvuvi wa mwalo unaoukusudia kama wahitaji kibali.

Kwa ufupi

Kama unavua ngege na kambare kando ya mafunjo, tengeneza ufito wako. Mwanzi uliokatwa wakati wake, ukakaushwa kivulini na kujaribiwa, haushindwi na ufito wa bei ya chini wa dukani, na ukivunjika unajua kuutengeneza tena. Kama unamfuata samaki mkubwa katika maji ya kasi, nunua chombo kilichofanywa kwa kazi hiyo, au changeni wenzako mnunue, au tumia mshipi wa mkono kwa hadhari. Lakini kwa vyovyote vile, fedha yako ya kwanza iende kwenye ndoana na mshipi. Ufito humfikia samaki. Ndoana na mshipi ndivyo vinavyomshika.

Wazee walisema, mchagua jembe si mkulima. Mvuvi naye hapimwi kwa uzuri wa ufito wake, bali kwa kile kilichoingia katika chungu cha nyumbani kwake. Mwanzi wa kutumia mwezi ujao wafaa kukatwa leo, kiangazi hiki kisije kikapita.